MAONI YETU: TUSING'OE MIZABIBU KABLA YA KUHESABIANA

Ndugu wanachama, safari hii hatuandiki habari za mbolea wala za mizani. Tunaandika habari za bustani yetu ya zabibu. Wiki hizi mbili maneno ni mengi, kilabuni na kisimani, eti mizabibu ing'olewe, eneo likatwe viwanja, kila mtu achukue chake. Asiyejua kusoma asomewe, na anayesoma asiruke mstari.

Kwanza tukumbushane ilikotoka. Zabibu si zao la babu zetu, wao walijua uwele, mtama na ng'ombe. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kiitaliano, wakaipanda Bihawana. Kumbe udongo huu wa kichanga na jua hili linalotuchomea mahindi, zabibu inavipenda! Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowakusanya wazee wetu hapa, walikuja na jembe na mbegu za uwele. Vipandikizi walivifuata baadaye, wakavibeba kwenye gunia lililoloweshwa maji.

Ushirika nao umepita mengi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kijiji kikawa ndicho ushirika. Sheria ya 1982 ikavirudisha vyama. Sasa hapo katikati bustani ilikuwa ya nani? Ya kijiji, ya chama, au ya waliopanda? Hakuna aliyeandika. Ndiyo maana leo kila mmoja ana hesabu yake kichwani. Kosa hilo ni letu pia sisi wa kamati, tunalikubali.

Wanaotaka kuuza wana sababu, tusiwaite wasaliti. Kuhamia Dodoma kuliamuliwa 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kweli kweli baada ya tangazo la 2016, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Siku hizi wageni wanapita hapa na kamba za kupimia hata kabla ya salamu. Na zabibu zimetuumiza, jamani. Msimu uliopita mnunuzi mmoja aliahidi lori, tukavuna, lori halikuonekana. Zabibu haingoji ghalani kama uwele. Siku chache tu, ni nyuki na nzi. Mwenzetu aliyekopa fedha ya salfa mpaka leo anadaiwa. Huyo ukimsimulia habari za Bihawana atakucheka, na ana haki.

Lakini tupige hesabu. Mzabibu ukiupanda leo utangoja mwaka mmoja na nusu, hata miwili, ndipo uvune cha maana. Ukishashika, unavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mingi. Kuung'oa ni kazi ya asubuhi moja. Na fedha ya kiwanja tumeshaiona kwa majirani: pikipiki, harusi, kwisha. (Aliyenunua mabati tunampongeza.)

Sisi tunaona shida si mzabibu. Shida ni kuvuna kwa ahadi ya mdomo, na kuvuna wote siku moja. Mzabibu wa huku kwetu huanza kuhesabu siku tangu unapopogolewa, miezi minne hivi mpaka kuiva. Basi tupogoe kwa zamu, mistari ya juu kwanza, ya bondeni wiki chache baadaye, ili lori moja likikosa tusipoteze zote. Pia wako wakulima wenzetu hapa hapa Dodoma wanaokamua mchuzi wa zabibu na kuuhifadhi kwenye matangi mpaka apatikane mnunuzi. Twende tukawaulize gharama yake, tusikisie. Na asivune mtu kabla mnunuzi hajatia sahihi.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mbuyu. Kabla ya kura yoyote tutaandika majina ya waliopanda, mstari kwa mstari, na wake waliochota maji waandikwe pia, maana ndoo zilikuwa vichwani mwao. Wazee wanaokumbuka waje mapema. Aliye mgonjwa, katibu atamfuata nyumbani Ijumaa jioni na daftari.