Kungwi au Msindikizaji? Maoni Kuhusu Istilahi Moja ya Biolojia

Mwaka 1978 Ron Laskey na wenzake, katika kueleza kazi ya protini iitwayo nukleoplazmini, waliazima jina la yule bi mkubwa ambaye katika jamii ya Waingereza wa zamani aliandamana na msichana ili asikaribiwe na wasiomfaa. Mwaka 1987 John Ellis alilipanua jina hilo likachukua kundi zima la protini za namna hiyo. Sisi tumeipokea istilahi ikiwa tayari ni sitiari ya watu wengine. Je, tutafsiri sitiari au dhana?

Ni rahisi kushawishika kusema protini kungwi. Jina lina ladha ya pwani, lakini linapotosha. Kungwi humfunda mwari asiyoyajua, ilhali majaribio ya Christian Anfinsen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, yalionyesha kuwa umbo la protini limo tayari katika mfuatano wa asidi-amino zake. Protini tunazozijadili hazifundi chochote. Hsp70, kwa mfano, hushika zile sehemu za mnyororo mchanga zinazokimbia maji, zisije zikanatana na za jirani na kufanya mabonge, kisha huziachia. Mnyororo hujikunja wenyewe. Saidizi nalo ni pana mno, kwani vimeng'enya navyo husaidia.

Napendekeza protini sindikizi, kutokana na sindikiza, kama tulivyopata elekezi kutokana na elekeza. Amsindikizaye mgeni humfikisha njiani akarudi, wala hahamii kwake. Protini hizi nazo hazibaki kuwa sehemu ya umbo lililokamilika. Isitoshe, hata jeneza husindikizwa, na protini hizi huzipeleka zilizoharibika zikavunjwe. Hapo ndipo istilahi inapogusa maradhi. Wagonjwa wengi wa sistiki fibrosisi wana protini ya CFTR iliyopungukiwa asidi-amino moja tu, ile ya 508. Seli huibomoa kabla haijafika kwenye utando, ingawa ingefika ingefanya kazi kwa kiasi fulani. Mwanafunzi aliyezoeshwa kungwi atadhani palikosekana mafunzo. Kumbe wasindikizaji walikuwapo, nao wamempeleka makaburini aliyekuwa angali hai.

Sikatai kwamba sindikizi inakaribiana mno na usindikaji wa vyakula, na mpiga chapa mmoja mzembe atatuletea protini sindikwa, yaani zilizokwisha kutiwa makoponi. Hatari hiyo naiona ndogo kuliko ile ya kungwi.