Mtego una mwenyewe, hata kwenye udongo wa Leta

Ndugu msomaji, nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu hapa kwetu Mugunga.

Mzee mmoja jirani yangu, mvuvi tangu ujana wake, alitoka ziwani asubuhi, akatandaza nyavu zake juu ya mawe ya ufukwe, upande wa Bulengo, zipate kukauka. Kisha akapanda nyumbani kunywa chai. Aliporudi, mawe yalikuwa matupu. Siku tatu baadaye akaona kipande cha wavu wake kimezungushiwa banda la kuku la kijana mmoja. Akamwuliza kwa upole. Kijana akajibu bila kuinamisha kichwa: “Mzee, miye niliokota tu. Ilikuwa kule inje, haina mwenyewe. Udongo ni ya Leta.” Na watu waliokuwa pale wakacheka. Walimcheka nani? Walimcheka mzee, ati ni mjinga, anaachaje kitu inje!

Siandiki ju ya wavu. Wavu umekwisha kukatwa. Ninaandika ju ya kicheko kile.

Tuanze na huyo Leta tunayemsingizia. Ni kweli, sheria ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali peke yake. Vijana wetu wameishika sentensi hiyo vizuri sana, kuliko hata mawakili! Lakini sheria hiyo inasema udongo, haisemi wavu uliowekwa juu ya udongo. Ukiegemeza chukudu yako pembeni ya barabara ya Sake, ukaingia dukani kununua mkate, barabara ni ya Leta. Je, chukudu nayo imekuwa ya Leta? Au imekuwa ya yule anayepita? Na kitabu cha sheria za makosa kinasema wazi katika kifungu cha 79: anayechukua kwa hila kitu kisicho chake ni mwizi. Hakikuongeza “isipokuwa kama mwenyewe amekwenda kunywa chai.”

Lakini tuache sheria za karatasi. Wazee wetu hawakungoja 1973 kuijua haki hii. Waliijua kwa mitego.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtegaji, na alinifundisha hivi. Ukipita porini ukakuta mtego wa mwenzako, zunguka, usiuguse. Ukikuta umenasa mnyama, mnyama ni wa mwenye mtego, hata kama wewe ndiwe uliyemwona wa kwanza. Ukiona nyama itaoza au italiwa na wanyama wengine, mtoe, mtundike mtini, nenda kijijini ukamwite mwenyewe. Naye akifika, ni aibu kwake kukuacha urudi mikono mitupu: lazima akukatie kipande. Basi aliyeona alikula, na aliyetega alikula.

Ju ya nini walikuwa wakali namna ile? Sababu mtego si kama mkuki. Mkuki unafanya kazi ukiwa mkononi mwako. Mtego unafanya kazi wakati wewe umelala, uko shambani, au uko msibani. Mlinzi wake ni heshima ya watu wengine. Heshima ikiondoka, kila mtegaji atalazimika kulala porini akilinda kamba zake, na hapo hakuna tena mtego, kuna watu wenye baridi wanaochungana. Njo hivyo leo mvuvi wetu: usiku anavua, mchana analinda nyavu. Atalala saa ngapi?

Wengine watasema hayo ni mambo ya kijiji, yamepitwa. Basi tuwatazame Bambuti wa Ituri, ambao wengi wetu tunawadharau bila haya. Mwaka 1961 Colin Turnbull, aliyekaa nao karibu na Epulu, alichapisha kitabu, na ndani yake kuna habari ya mwindaji anayeitwa Cephu. Kule wanaume wanaunganisha nyavu zao kama nusu duara, na wanawake na watoto wanafukuza wanyama kuelekea nyavu hizo. Cephu akaona ujanja: akaweka wavu wake kisirisiri mbele ya nyavu za wenzake, mnyama aingie kwake kwanza. Hakuchukua wavu wa mtu. Aliiba nafasi tu! Jioni kambi nzima ikamgeukia. Wakamtukana, wakamzomea, wakamcheka mpaka akalia, na nyama ikatolewa katika vibanda vyake. Hapakuwa polisi wala gereza.

Angalia tofauti, ndugu msomaji. Kule kicheko kilimwangukia mdanganyifu. Hapa kwetu, watu wa shule na wa dini, kicheko kinamwangukia aliyeibiwa. Sasa nani ameendelea, nani amebaki nyuma?

Najua jibu litakalokuja: “Vita, njaa, kambi.” Silidharau jibu hilo. Mugunga inajua mateso kuliko sehemu nyingi. Tulipokea kambi kubwa ya wakimbizi kutoka 1994 mpaka Novemba 1996. Kambi za wahamiaji zilifuata, zikafungwa, zikarudi tena, hadi mwanzoni mwa 2025. Tarehe 3 Mei 2024 bomu ziliangukia hata wale waliokuwa chini ya mahema. Na Nyiragongo ilimwaga moto 2002, ikarudia 2021. Mtu aliyepoteza nyumba anajifunza kuokota: ubao, bati, kipande cha hema. Hiyo si dhambi.

Lakini tusichanganye kuokota na kuiba, kisha tukaita yote “Article 15”. Mwenye njaa anayebisha hodi kwa mvuvi na kusema “Mzee, watoto hawajakula” anapewa samaki; nimeona mara nyingi. Mwenye kubeba wavu anamla mvuvi mwenyewe pamoja na samaki wa mwaka mzima. Na mvuvi yule ni nani? Ni mhamiaji wa jana, kama sisi. Hapa tajiri haibiwi: maskini anamwibia maskini, halafu tunapiga makofi.

Pia sitaki kuwapendelea wenye mitego. Desturi ilikuwa na pande mbili. Kuna watu wanaofunga nyaya za chuma ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, na walinzi wakizing’oa, wanalia kwamba mila imevunjwa, ati mtego una mwenyewe. Uongo! Mila ilidai mwenyewe autembelee mtego wake, na akiacha kuwinda mahali hapo aufungue. Kamba ya mti ilioza yenyewe, waya hauozi. Unabaki miaka, unakata mkono wa ngagi mdogo ambaye hakuna aliyemtafuta. Mwaka 2012, upande wa Rwanda wa milima yetu hii, ngagi mtoto anayeitwa Ngwino alikufa kwa sababu ya kamba kama hiyo, na siku chache baadaye ngagi wadogo wawili, Rwema na Dukore, walionekana wakivunja mtego kwa mikono yao. Mlinzi anayeng’oa waya kama ule si mwizi.

Sisi tunaijua mazuku, hewa mbaya inayokaa katika mashimo karibu na Lac Vert na kuua mbuzi, mbwa, hata mtu, bila kelele. Mtego ulioachwa na mwenyewe ni mazuku: unaua, na hakuna anayekula.

Basi tufanye nini? Mwenye wavu auwekee alama inayojulikana, na asiuache siku nyingi. Anayeokota kitu apeleke kwa nyumbakumi na kuuliza kwa sauti: “Hii ni ya nani?” Anayeuziwa kipande cha wavu au ndoana kwa bei ya kushangaza aulize zimetoka wapi kabla ya kutoa pesa. Na sisi wazazi na walimu, tukisikia “niliokota tu”, tusicheke. Au tukitaka kucheka, tumcheke anayestahili.

Jirani yangu alikopa, akapata wavu mwingine. Kila asubuhi anapanda nao kichwani, umelowa, mzito, maji yanamtiririka mgongoni mpaka nyumbani. Mawe ya ufukwe yapo palepale, yana jua la kutosha.