UCHAMBUZI: Uhalisi wa mfumo wa moshi wa gari lililotumika ubainishwe kabla ya malipo

Masasi

Minada ya korosho inapofunguliwa kila mwaka kuanzia mwezi Oktoba, fedha huingia katika akaunti za wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba, na sehemu ya fedha hizo huelekezwa katika ununuzi wa magari yaliyokwishatumika. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa Japani, yakashushwa katika Bandari ya Dar es Salaam na kupita mikononi mwa mmiliki mmoja au zaidi kabla ya kufika mikoa ya Kusini. Mnunuzi hukagua rangi, viti, matairi na mlio wa injini. Ni wachache wanaoinama kutazama uvungu wa gari, mahali ambapo kipuri chenye thamani kubwa kinaweza kuwa kimekwisha kuondolewa.

Kipuri hicho ni kile ambacho mafundi hukiita sega, kwa kuwa ndani yake kuna vitundu vingi vidogo mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa kiasi cha gramu chache tu. Moshi wa injini unapopita humo ukiwa na joto kali, kaboni monoksaidi, mabaki ya mafuta yasiyoungua na oksaidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa hewa zisizo na madhara makubwa kwa anayezivuta. Sega linalofanya kazi vizuri huondoa takribani asilimia 90 ya sumu hizo.

Thamani ya madini hayo ndiyo iliyolifanya sega liwindwe. Mwaka 2021 bei ya rodiamu katika soko la dunia ilizidi dola za Marekani 25,000 kwa aunsi moja, na wizi wa masega ukaongezeka katika nchi nyingi. Mahali pengine sega haliibwi usiku. Huondolewa mchana, mwenye gari akiwa amesimama pembeni, baada ya kuambiwa kuwa linapunguza nguvu ya injini. Kipande cha bomba tupu huchomelewa mahali pake, na mwenye gari huondoka akiamini amesaidiwa.

Hoja ya kwamba sega halifai katika mazingira ya Afrika ilikuwa na uzito zamani, petroli ilipokuwa na risasi, madini ambayo huharibu sega. Nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, hivyo sababu hiyo haipo tena. Sega likiziba, mara nyingi chanzo ni injini inayounguza oili au plagi zisizochoma sawasawa. Kuliondoa ni kuficha dalili na kuuacha ugonjwa.

Maswali matatu yasichanganywe

Muuzaji anaposema ekzosi ya gari ni "orijino", kauli hiyo inaweza kubeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni iwapo kipuri ndicho kilichofungwa kiwandani gari lilipotengenezwa. La pili, ikiwa kilibadilishwa, ni iwapo kilichofungwa ni halali au ni bandia kilichopachikwa alama ya kampuni nyingine. La tatu ni iwapo kipuri hicho bado kinafanya kazi. Sailensa ya kiwandani yenye umri wa miaka 20 inaweza kuwa halisi na bado ikawa imeoza, ilhali sailensa mpya ya kampuni nyingine, iliyouzwa kwa jina lake yenyewe, inaweza kuwa halali na imara. Kosa halipo katika kubadilisha kipuri. Lipo katika kumwambia mnunuzi kitu kisicho kweli.

Majibu ya maswali hayo huanza na namba ya chesesi. Kwa namba hiyo, duka la vipuri lenye orodha ya mtengenezaji linaweza kueleza gari lilitoka kiwandani na vipande gani vya mfumo wa moshi. Kwa magari ya Toyota, kwa mfano, namba za vipuri zina tarakimu kumi, na tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri: 17410 ni bomba la mbele, 17420 bomba la kati, na 17430 bomba la nyuma lenye sailensa. Vipuri vingi vya kiwandani huwa na alama zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Karatasi iliyobandikwa juu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hubanduka na huigwa kwa urahisi.

Hatua ya pili ni kutazama uchomeleaji. Mshono wa kiwandani huwa umenyooka, wenye upana mmoja na unaofanana kila upande. Mshono wa mkono huwa na mabonge na rangi tofauti na chuma kilichouzunguka. Mshono wa namna hiyo kwenye kiungo cha bomba unaweza kuwa matengenezo ya kawaida, hasa kwa gari lililotembea katika barabara za vumbi na mawe za uwanda wa Makonde. Lakini mshono unaopita kwenye ganda la sega lenyewe ni dalili kwamba ganda lilipasuliwa, likatolewa kilichomo na kufungwa tena. Bati la kukinga joto likikosekana, au bolti za flenji zikiwa mpya ilhali bomba lina kutu, mnunuzi anayo sababu ya kuuliza zaidi.

Hatua ya tatu hufanyika mbele ya dashibodi. Swichi inapofunguliwa kabla injini haijawashwa, taa ya injini inapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini inaponguruma. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu, na sensa ya oksijeni iliyo baada ya sega ni mojawapo ya zinazoweza kutoa taarifa hiyo. Ikiwa haiwaki kabisa tangu mwanzo, huenda imekatwa ili isiseme. Fundi mwenye mashine ya kupima hitilafu anaweza kuthibitisha kwa dakika chache.

Gari likiwa limepoa, ganda la sega likigongwa taratibu kwa kiganja na kusikika mchakacho, sega la ndani limevunjika. Ukaguzi wa uvungu usifanywe injini ikiwa ya moto, wala gari lisiingiwe chini likiwa limeinuliwa kwa jeki pekee.

Kutokuwepo kwa sega, hata hivyo, si ushahidi wa udanganyifu kwa kila gari. Japani ilikaza kanuni zake za moshi mwaka 1978, hivyo gari dogo la petroli la miaka ya karibuni kutoka nchi hiyo, kama vile Toyota IST iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, lilizaliwa na sega. Land Rover 109 za zamani na Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1980 hazikuwa nalo tangu kiwandani. Kwa magari hayo, bomba lisilo na sega ndilo halisi.

Sheria na wajibu

Suala hili linaigusa kanda nzima. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na sehemu kubwa yake yalikuja Afrika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania imechagua njia ya ushuru unaoongezeka kadiri umri wa gari unavyopanda. Njia hiyo humpa mwananchi wa kipato cha kati nafasi ya kumiliki gari, lakini pia humwachia jukumu kubwa zaidi la ukaguzi.

Katika jukumu hilo mwananchi hayuko peke yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia, na utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ushindani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani. Shirika la Viwango Tanzania na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambayo yote yana ofisi za kanda mkoani Mtwara, yanahusika na ubora wa bidhaa na uchafuzi wa hewa.

Sheria hizo hupata nguvu pale panapokuwa na maandishi. Mnunuzi aliyepewa neno la mdomo tu kwamba "kila kitu ni orijino" atapata shida kuthibitisha alichoambiwa. Mkataba wa mauziano ukitaja namba ya chesesi, ukaeleza iwapo sega lipo na vipande vipi vilibadilishwa, mgogoro huwa na pa kuanzia. Picha za uvungu zilizopigwa siku ya makabidhiano huongeza uzito wa madai.

Zaidi ya fedha, kuna uhai. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Gari lisilo na sega, lenye bomba lililotoboka chini ya sakafu na madirisha yaliyofungwa, linaweza kuwalevya na hata kuwaua waliomo katika safari ndefu ya kwenda Dar es Salaam. Abiria hawana namna ya kujua kuwa bomba lilichomelewa vibaya.

Mkulima wa Masasi anaujua utaratibu wa stakabadhi ghalani: korosho hupimwa unyevu na kupangwa kwa daraja kabla ya mnada, na hakuna anayelipa kwa kutazama gunia kwa nje. Gari linalonunuliwa kwa fedha za korosho hizo linastahili kipimo kama hicho. Ukaguzi wa uvungu kwa fundi asiye na uhusiano na muuzaji huchukua muda mfupi na gharama ndogo, nao unapaswa kufanyika kabla ya fedha kutoka benki.