Wa kumi kwenye Kadishi

Mitaani kwetu, Katubuka, Mwanga, Ujiji, kote ni yale yale. Mtu asiyeonekana msikitini mwaka mzima hukodi turubai, akanunua mchele na kuita masheikh arobaini ya mama yake inapofika. Majirani humteta kidogo, kisha huja wakala. Tumezoea kuuita unafiki. Mimi naona neno hilo limetolewa haraka mno, na ili kulipima vizuri nawatazama Wayahudi, ambao wamelijadili jambo hili hadharani na kwa kina.

Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 uliwauliza Wayahudi wa Marekani wanaishije. Waliosema wanafuata sheria za vyakula nyumbani, yaani kosha, walikuwa asilimia 17 tu. Lakini asilimia 62 walikuwa wameketi kwenye mlo wa Seder katika Pasaka iliyopita. Nani kawalazimisha? Mlo wenyewe si wa anasa: mkate usio na hamira, mboga chungu ya kukumbusha utumwa wa Misri, na kabla ya kula ni hadithi ndefu inayosubiri mtoto mdogo kuliko wote aulize maswali. Kosha mtu anaweza kuishika peke yake jikoni kwake. Seder inataka watu. Ndivyo ilivyo pia kwa Kadishi, sala ya wafiwa. Haitaji kifo hata mara moja, ni kumtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho, na haisomwi mpaka watu wazima kumi wawe wametimia. Asiye na hakika kama Mungu yupo husimama na wenzake tisa akamtukuza kwa ajili ya baba yake. Ushahidi huu unanionyesha kwamba sheria ikiwekwa kando, kinachobaki mikononi mwa watu ni kile kisichowezekana bila wengine. Kwa hiyo wanaosema kwamba kutafuta maana yako nje ya ibada ni ubinafsi wa kisasa wanaangalia upande usiofaa.

Wengine watasema Myahudi asiyesali amejibandika jina tu. Hapo historia ya jirani zetu inajibu. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi ilianzishwa mwaka 1904, na katika miaka ya 1930 Kenya ikapokea Wayahudi waliokimbia Ujerumani, baadhi yao wakiwa hawana habari kubwa na sinagogi. Stefanie Zweig alifika mwaka 1938 akiwa mtoto, na riwaya aliyoandika kuhusu maisha hayo ilizaa filamu iliyopata Oscar mwaka 2003, yenye Kiswahili cha kutosha kumfurahisha mtazamaji wa huku. Huko Ujerumani walikokimbia, Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 hazikumuuliza mtu kama anasali. Zilihesabu babu na bibi zake. Aliyekwisha kutajiwa asili yake na adui ana haki ya kuitafuta mwenyewe, asiishi na maana aliyopewa na anayemchukia.

Pingamizi lenye uzito hasa ni la walioshika dini: nyinyi mnakula matunda ya mti tunaoumwagilia sisi. Ni kweli. Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku na Idi Amin wakabaki mia chache, wakisali kwa kujificha. Imani yao ndiyo iliyoivusha jumuiya, si kupenda mila tu. Hata hivyo, Kakungulu hakurithi Uyahudi. Aliukuta kwenye Biblia akauchagua, na wafuasi wake wakaimba zaburi kwa mahadhi ya nyumbani. Hata mshika dini anaanza kwa kuchagua.

Mstari ninaouchora mimi, kati ya anayechagua kweli na anayejibandika jina, uko kwenye elimu. Waasisi wa kibbutz nyingi za Israeli waliwakataa marabi, lakini Pasaka hawakuiacha. Walijitungia Hagada zao, kitabu kile cha mlo wa Seder, wakaingiza mavuno na majira ya kuchipua. Waliweza kwa sababu wengi wao walikulia kwenye nyumba ambamo ile ya zamani ilisomwa kila mwaka, wakajua wanafuta nini na wanabakiza nini. Mjukuu aliyekabidhiwa ile mpya peke yake hana cha kubishana nacho. Huyo inabidi aende kwa rabi, hata kama hana nia ya kusali, akaombe kufundishwa kusoma Kiebrania.