KIPYA KINYEMI: Khabari za Viti Vinavyotikisika katika Majumba ya Sinema

Wahenga walisema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Neno hili lafaa sana katika khabari yetu ya mwezi huu, nayo ni khabari ya viti vinavyotikisika ndani ya majumba ya sinema. Vijana waliokwenda kuwatembelea jamaa zao Dubai au London hurudi wakiisimulia kwa shauku kubwa, na wazazi huuliza: Je, ni jambo la maana, au ni njia tu ya kututoa fedha? Swali hili lastahili jibu.

Kwanza na tukijue kitu chenyewe. Mtambo ulio mashuhuri zaidi huitwa 4DX, nao ulianzia Korea ya Kusini mwaka 2009. Kiti huinuka na kushuka, huinama mbele na nyuma, na huyumba huku na huku kwa kuifuata picha. Motokaa ikikata kona, nawe wapindishwa. Ndege ikishuka ghafula, nawe washushwa. Upepo huvuma usoni, maji hurushwa, na harufu hutolewa. Mwaka huo huo kampuni ya D-BOX ya Kanada ilianza kutia viti vyake katika majumba ya Marekani. Hivyo hutikisika tu, bila ya maji wala harufu. Mitikisiko hiyo haiji kwa bahati. Mafundi huitazama picha kipande kwa kipande, kisha huandika amri ambazo kiti kitazifuata. Basi kwa kawaida aliyeitunga hadithi siye aliyeutunga mtikisiko. Neno hilo tulishike, maana ndani yake mna jibu letu.

Wengi hudhani kwamba haya ni maajabu ya zama zetu. Sivyo. Yana umri wa zaidi ya miaka 60, na mzazi wake ni hofu. Baada ya Vita Kuu ya Pili televisheni iliingia majumbani mwa Wamarekani, na watu wakaona hapana haja ya kutoka usiku. Majumba ya sinema yakapungukiwa na watu. Wenye biashara wakajiuliza: Tuwape nini ambacho hawakipati barazani kwao?

Jibu moja lilitolewa mwaka 1952, nalo latuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Ilionyeshwa Los Angeles picha iitwayo Bwana Devil, ambayo mtazamaji aliitazama kwa miwani maalum ili aone vitu kana kwamba vyatoka ukutani na kumjia. Hadithi yake ilitokana na wale simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Matangazo yaliahidi kwamba simba atamrukia mtu mapajani. Watu walipanga safu, na kwa muda mfupi picha za miwani zikaenea kila mahali. Lakini zilihitaji mitambo miwili iende sawasawa. Mmoja ukichelewa kidogo, macho huuma na kichwa hugonga. Haikupita miaka mingi, watu wakaziacha. Ajabu ni kwamba kisa cha Tsavo chatisha peke yake. Mzee akikisimulia usiku, wajukuu husogeleana, wala hawavai miwani.

Kisha akatokea Bwana William Castle, mtengenezaji wa picha za kutisha. Mwaka 1958 alimpa kila mtazamaji hati ya bima ya dola 1,000, zilipwe iwapo atakufa kwa hofu. Mwaka 1959 akatoa picha iitwayo The Tingler. Humo mna mdudu anayekua katika uti wa mgongo wa mtu mwenye hofu, wala hapana kimdhoofishacho ila ukelele. Chini ya baadhi ya viti alifunga mota ndogo. Hadithi ilipofika mahali ambapo mdudu ametoroka ndani ya jumba la sinema, picha ikazimika, sauti ikawaambia watu wapige kelele, na mota zikanguruma chini yao. Hapo twaona babu wa kiti cha leo.

Tumfanyie insafu Bwana Castle: hila yake ilifaa, kwa kuwa mdudu na kiti vilikuwa kitu kimoja. Lakini mota zile zile zingefanya nini katika picha ya mapenzi, au ya mama anayemtafuta mwanawe? Zingekuwa udhia mtupu.

Mwaka 1960 ikaja zamu ya pua. Picha iitwayo Scent of Mystery ilipelekewa harufu kwa mirija mpaka kwenye viti. Mirija ilifanya sauti, na harufu iliwafikia wengine imechelewa. Mtambo ule haukutumiwa tena kwa picha nyingine baada ya hiyo.

Sasa tuangalie yaliyodumu. Sauti, ambayo tangu mwaka 1927 ilianza kuziondoa picha za kimya, imedumu. Rangi imedumu. Kitambaa kipana, kilichoenezwa mwaka 1953, kimedumu. Kwa nini? Kwa sababu msimuliaji aliweza kuvitumia katika kila kisa, cha furaha na cha msiba. Hivyo vilikuwa kalamu mpya mkononi mwa mwandishi. Kiti kinachotikisika ni mtu wa tatu anayekusukuma bega huku ukisoma. Mara chache msukumo hupatana na maneno. Mara nyingi hukukumbusha kwamba umekaa kitini, nawe ulilipa ili usahau.

Leo hofu ile imerudi. Picha hufika nyumbani kwa intaneti, hata katika simu ya mkononi, na maradhi ya korona mwaka 2020 yaliyafunga majumba mengi duniani. Si ajabu basi kwamba viti vinatikiswa tena. Wahenga walisema pia: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hatusemi kwamba kijana asikikalie kiti hicho abadan. Mara moja kwa kujua si haramu ya akili. Ila mzazi akumbuke mambo mawili. La kwanza, wenye majumba wenyewe huwaonya wajawazito, na wenye maradhi ya moyo, mgongo na shingo, wasivikalie; na onyo hilo lisomwe kabla ya kukata tikiti. La pili, tikiti yake ni ghali kuliko ya kiti cha kawaida, na ukiizidisha kwa watoto wanne ni fedha ya kutosha kununua vitabu.

Kipimo ni hiki: Jiulize kama picha hii ingalikufaa kiti kikiwa kimetulia. Ikiwa ndiyo, kiti cha kawaida chatosha. Ikiwa siyo, hakuna mtikisiko utakaoiponya. Sisi walimu twalijua jambo hili vizuri. Mwalimu aliyekuja na somo husema kwa sauti ya chini na watoto wakatulia. Asiye na somo ndiye apigaye meza.