Mawazo Hayatoboi Utumbo

Kaa nusu saa kwenye duka la dawa pale Kabanga, wilayani Ngara, jirani na mpaka wa Burundi, utasikia hukumu ile ile. Mama anagusa chembe cha moyo, analalamika kwamba usiku kunawaka moto, akila ndizi kidogo kunapoa. "Vidonda vya tumbo hivyo, mama. Punguza mawazo, kula kwa wakati, maharage acha." (Kumkataza mtu wa Ngara maharage ni kumlaza njaa.) Anafungiwa vidonge vya magnesiamu, anakumbushwa juisi ya kabichi. Mwezi ujao atarudi.

Sikatai kuwa mawazo na pilipili huzidisha maumivu. Lakini kusema ndiyo chanzo ni kumbebesha mgonjwa lawama: ana madeni, ana kinyongo, kajitakia. Na muuza magnesiamu amejipatia mteja wa kudumu.

Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kumwotesha maabara bakteria anayeishi tumboni, Helicobacter pylori. Wakubwa wa fani walipowabeza kwa kusema ndiye analeta vidonda, Marshall akamnywa mwenyewe mwaka 1984. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kipimo kikaonyesha tumbo limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye chanzo kikuu cha vidonda vya mwanzo wa utumbo mwembamba. Wengi humpata utotoni, kupitia mdomo, na wengi huishi naye bila kuumwa kamwe. Mshtakiwa wa pili ni diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka wa Kobero humeza kila mgongo unapomuuma.

Kabichi haimuui bakteria. Anauawa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na omeprazole ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, bila kuacha dozi siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha. Kubahatisha nako ni hatari: watafiti wa Bugando, Mwanza, wamekuta bakteria sugu kwa klarithromaisini, moja ya antibiotiki hizo. Kwa hiyo dai kipimo cha choo kabla ya dawa, kisha urudie angalau wiki nne baada ya dozi, omeprazole ukiwa umeiacha wiki mbili. Cha damu kinaweza kuendelea kusema unaye hata ukishapona. Na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asipitie dukani kabisa. Aende hospitali siku hiyo hiyo.