Ngao ya Askari Katika Uso wa Lori

Malori ya Bedford, yaliyojulikana sana katika barabara za Afrika Mashariki, yalibeba alama ya mnyama wa ngano: kichwa na mabawa ya tai, kiwiliwili cha simba. Mnyama huyo alikuwamo pia katika motokaa za Vauxhall, kampuni ya Uingereza iliyoanza kuunda malori hayo mwaka 1931.

Asili yake ni ngao ya askari. Falkes de Bréauté, Mnormandi asiye wa ukoo mkubwa, alimtumikia Mfalme John kwa upanga, akakabidhiwa ngome ya Bedford na ardhi ya Luton. Kwa ndoa alipata nyumba karibu na London. Ikaitwa Ukumbi wa Falkes, na katika vinywa vya watu jina hilo likageuka kuwa Vauxhall.

Mwaka 1224 ndugu yake alimteka hakimu wa mfalme, akamfungia ngomeni Bedford. Mfalme Henry III aliizingira ngome kwa majuma manane. Ilipoanguka, walinzi zaidi ya 80 walinyongwa. Adhabu nzito kwa watu waliofuata amri ya bwana wao. Falkes, ambaye hakuwamo ngomeni, alifukuzwa nchini, akafa mwaka 1226.

Kiwanda cha mitambo kilianzishwa Vauxhall mwaka 1857, kikaunda motokaa ya kwanza mwaka 1903, na kuichukua alama ya askari yule. Mwaka 1905 kilihamia Luton, na hivyo mnyama akarejea katika ardhi ya bwana wake wa kale.